Shati la Baba Mdogo

Jioni ile walikuwepo hawa. Bibi, aliyekaa kwenye kigoda kifupi karibu na mlango, kwa sababu akikaa kwenye kiti miguu yake ilining'inia. Shangazi, binti yake Bibi, mwanamke mwenye sauti kubwa na machozi ya karibu. Fundi, mjukuu wa Bibi, kwenye cherehani yake pale dirishani. Mama Punje, mke wa Fundi. Na Punje mwenyewe, mtoto wao wa pekee, aliyejikunyata chini ya meza ya kukatia, akipanga vifungo kwa rangi zake.

Hao ndio waliokuwepo kwa kualikwa.

Nyumba yao ilikuwa ya ushonaji tangu zamani. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa, chaki, pasi ya mkaa na vipande vya karatasi za kukatia. Ukitembea peku ulikuwa na hakika ya kuchomwa na pini. Mama Punje aliolewa humo hajui hata kutunga uzi. Bibi ndiye aliyemfundisha, na hakumcheka hata siku moja alipokosea. Alikuwa akifumua tu, anampa tena kitambaa, anasema, "Haya, mke mwenza. Kitambaa hakina kinyongo."

Alimwita mke mwenza kwa utani, kwa kuwa Fundi alikuwa mjukuu wake, na mjukuu ni mume. Punje naye alikuwa mume mdogo.

Punje alikuwa na jina lake la kwenye cheti, ila hakuna aliyelitumia. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, wakunga wakatazamana. Muuguzi mmoja wa zamu, mwanamke mnene asiyecheka na mtu, alimfungua Mama Punje vifungo vya gauni, akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. "Joto lako ndilo dawa yake," alisema. "Usimtoe." Kisha akawa anapita kila mara kumfunika mabega. Mama Punje hakuwahi kuusahau mkono ule. Na tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu. Hakuomba mtoto awe na akili, wala awe tajiri. Aliomba akue.

Na mwaka ule, hatimaye, Punje alianza kukua.

Viatu vilimbana. Suruali zilipanda juu ya vifundo vya miguu. Fundi alimshonea sare mpya ya shule, kaptura ya kijivu na shati jeupe, na kwa furaha akamwachia akiba kubwa. Akiba ndilo neno lao mafundi wa nyumba ile. Nguo ya mtoto hawakuikata sawasawa na mwili. Waliacha kitambaa cha ziada ndani ya pindo, kimekunjwa na kufichwa, ili mtoto akikua pindo lifumuliwe na nguo irefuke pamoja naye. Wengine huacha upana wa vidole viwili. Fundi alimwachia mwanawe kiganja kizima.

"Hii ataivaa mpaka aote ndevu," alisema.

"Ndevu za nani? Zako zenyewe hazijaota," Shangazi akamjibu, na hata Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Lakini siku ile ya mwaka haikuwa ya sare. Ilikuwa siku ya shati.

Shati lilikuwa la Baba Mdogo, yaani kitindamimba wa Bibi, mdogo wake marehemu baba yake Fundi. Kila mwaka ilipofika siku hiyo walikusanyika, na kabla sindano haijatungwa uzi, Shangazi alisimulia. Alisimulia maneno yale yale, na ole wako umkatishe.

"Alikuwa amesimama hapo," alisema jioni ile, akionyesha kigoda alichokalia Bibi. "Juu ya kigoda hicho. Mama anampima mkono wa shati. Utepe uko begani. Vita tulikuwa tunavisikia kwa mbali, kama mtu anayeburuta makabati nyumba ya jirani. Basi wakaingia."

"Wakaingia," Bibi akaitikia, taratibu.

"Hawakumpiga mtu. Waliisimamisha bunduki ukutani, kitako chini. Kila kijana akawekwa pembeni yake. Aliyepungukiwa aliachwa. Aliyeizidi alipanda gari."

"Yeye aliizidi kwa kiasi gani?" Punje akauliza kutoka chini ya meza.

Shangazi aliinua kidole chake cha mwisho, kile chembamba. "Kwa hiki. Upana wa hiki tu."

Bibi akajishika bega.

"Aliondoka na utepe wangu begani," Bibi akasema. "Nilimwita autoe, hakunisikia. Gari lilikuwa linanguruma."

Vita vilipokwisha alikuja kijana mmoja anayetembelea mkongojo. Alikuwa na Baba Mdogo siku za mwisho. Akaeleza kwamba walivushwa mto usiku, wakapigwa risasi wakiwa majini, na mto ule haukurudisha mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa maji ya kunywa. Halafu akamuuliza swali moja tu: "Alikuwa amekua?"

Yule kijana angeweza kusema hajui. Akamtazama mama wa watu, akamhurumia. "Sana, mama," akasema. "Mikono ya shati ilikuwa imemwishia hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mkono wake.

Maneno ya wema tu. Ndiyo yaliyoanzisha yote.

Bibi hakulia. Hakuweka msiba, maana hakukuwa na mwili wala kaburi. Alilichukua lile shati lililokuwa limekatwa, akalimaliza, kisha akaongeza mikono na pindo kwa upana wa kidole. "Asije akarudi akakuta nguo ya kumwaibisha," alisema. Mwaka uliofuata akaongeza tena. Na mwingine. Na mwingine. Kitambaa cha kuongezea hakukinunua wala hakukiomba. Alikikata kwenye magauni yake mwenyewe. "Mtoto hukua kutoka kwa mama yake," alisema, na hakuna aliyeona ubaya.

Watu wote hufika mahali wakakoma kukua. Baba Mdogo hakukomeshwa.

Shati lilikuwa limefika wapi? Likitundikwa kwenye msumari wa juu wa mlango wa nyuma lilifagia sakafu. Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko mtu yeyote, yenye duara juu ya duara za rangi: maua mekundu ya gauni la ujana wa Bibi, mistari ya bluu, doti nyeupe. Miaka yake yote ilikuwa pale.

Na Bibi mwenyewe alikuwa amepungua. Fundi alikwisha kumpunguzia magauni mara nyingi. Viatu vyake vilikuwa vya mtoto. Watu walisema ni uzee, uzee humrudisha mtu chini. Labda.

Mwaka ule mikono yake ilitetemeka mno. "Mke mwenza," akasema, "leo utashona wewe. Mimi nitakushikia taa kwa maneno."

Mama Punje akafungua kopo. Uzi ulikuwa umekwisha.

"Nyumba ya ushonaji haina uzi!" Shangazi akapiga makofi. "Hii ni sawa na duka la mkate kufa njaa."

"Nani alishonea mito ya sebuleni kwake jana bila kuniuliza?" Fundi akamuuliza, na Shangazi akageuka kutazama dari.

Mama Punje akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, lakini mwanga ulikuwepo bado.

Mwenye duka alikuwa anafunga. Alipomwona alirudisha komeo bila kunung'unika, akampa kigurudumu cha uzi, akamwongezea na sindano. "Hiyo chukua tu," alisema. "Najua leo ni siku ya kijana wenu."

Njia ya kurudi ilipita nyuma ya mashine ya kusaga unga, ambayo ilikuwa imefungwa siku nyingi. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa matofali, mrefu, uliojengwa kuzuia wezi. Mtu akisimama juu ya tandiko la baiskeli haoni upande wa pili.

Akasikia nyayo.

Ng'ambo ya ukuta. Hatua moja... kimya kirefu... hatua nyingine. Mwendo wa mtu mwenye miguu mirefu asiye na haraka.

Harufu ilitangulia sauti. Tope la mtoni. Na ndani ya tope, harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi.

Mama Punje akaongeza mwendo. Kigurudumu cha uzi kikamponyoka, kikaviringika mpaka chini ya ukuta.

"Pole, mama."

Ilikuwa sauti ya kijana. Ile sauti changa inayovunjika katikati ya neno. Ilitoka juu.

Akainua macho.

Juu ya ukuta palikuwa na kichwa. Hakuwa mtu aliyepanda. Mtu aliyepanda hushika ukuta, huhema, huhangaika. Huyu alikuwa amesimama tu. Ukuta ulimfika kidevuni.

"Ngoja nikuokotee."

Mkono ukavuka ukuta, ukashuka. Ukashuka... ukashuka... na ukaendelea kushuka. Vidole vikagusa ardhi. Vikaokota uzi kwa uangalifu, vikaufuta vumbi kwa kidole gumba, kisha vikamnyooshea.

Akaupokea. Hata baadaye hakujua ni kwa nini aliupokea. Nadhani mtu akikuokotea kitu, mkono wako hutangulia akili.

Ule mkono ulikuwa umevaa shati. Maua mekundu. Mistari ya bluu. Doti nyeupe. Lakini lilikuwa limemwishia juu ya kifundo, na kilichofuata kilikuwa ngozi tupu, yenye unyevu, iliyosinyaa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.

"Mwambie mama," sauti ikanong'ona, "mikono imekuwa mifupi. Nasikia baridi."

"Mama... mama gani?"

"Ananijua."

Alikimbia. Hakugeuka. Aliposukuma mlango wa nyumbani alikuwa amekishika kile kigurudumu cha uzi kwa nguvu mpaka kucha zimemzama kiganjani.

"Umefukuzwa na mbwa?" Fundi akauliza.

Mama Punje akampita. Macho yake yalikuwa kwa Bibi. Shati lilikuwa pale pale mapajani mwa Bibi, lilipokuwa alipoondoka. Halikuwa limetoka chumbani. Akapiga magoti, akagusa ncha ya mkono wake.

Ilikuwa imelowa.

Akamwinamia Bibi sikioni, akamwambia. Yote. Ukuta, sauti, baridi. Alitegemea Bibi apige kelele. Bibi alimshika mkono tu, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepelekewa habari ya kuzaliwa mtoto.

"Amesema anasikia baridi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka yote hii hajawahi kutuma neno. Na sauti? Bado inavunjika?"

"Bado."

Bibi akafumba macho. Machozi mawili yakamtoka, akayaacha yateremke. Kisha akaanza kupandisha pindo la gauni lake. "Haya, mwanangu, lete mkasi. Kata hapa. Kata pana kidogo, maana amesema baridi."

Ndipo Mama Punje alipomtazama vizuri. Bibi alikuwa amebakiwa na gauni moja tu, hilo la kijivu, na pindo lake lilikwisha kukatwa mara nyingi hata halikuyafunika magoti. Magoti yenyewe yalikuwa madogo kama mafundo ya kamba. Yalikuwa yameota vipele vya baridi.

Angemvua nini tena mwanamke huyu?

"Sawa, Bibi," alisema. Akauweka mkasi karibu na pindo, akaufunga hewani. *Kacha.* Macho ya Bibi hayakuona vizuri, sikio lilitosheka. Mama Punje akaenda chumba cha nyuma, akatungua kaptura mpya ya Punje ukutani.

Rangi ilikuwa karibu ile ile, kijivu kwa kijivu. Akafumua pindo. Akiba ikafunguka mikononi mwake, safi, haijaonja jua, kiganja kizima kila mguu. Kaptura bado ingemtosha mtoto hata hivyo. Fundi angetafuta kitambaa kingine kabla Punje hajaongezeka.

Akakata yote.

Alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba wakati anakata alijisikia vizuri moyoni, mwepesi, kama mtu aliyemfunika mgonjwa shuka.

Akarudi, akashona. Hakuongeza upana wa kidole, aliongeza kitambaa chote alichokuwa nacho, maana yule kijana alisikia baridi. Cherehani ilikwenda vizuri. Shangazi alikuwa anapuliza mkaa wa pasi. Punje alikuwa anaimba kwa sauti ya chini chini ya meza. Mshono wa mwisho ulipokwisha akamlazia Bibi shati mapajani, na Bibi akalipapasa, kama kawaida yake, kwa ncha za vidole.

Vidole vikafika kwenye kijivu. Vikasimama.

"Kitambaa hiki si changu."

"Ni mabaki tu, Bibi."

"Mabaki ya nani?"

Fundi akainua kichwa.

"Nakuuliza, mwanangu. Mabaki ya nani?"

"Ni... akiba ya kaptura ya Punje. Nilikuonea huruma, Bibi. Magoti yako..."

Bibi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Fumua," akasema. "Fumua sasa hivi. Usitafute mkasi. Tumia meno."

"Bibi, kitambaa ni kitambaa," Fundi akasema. "Kesho nitamwekea mtoto kingine."

"Nyamaza wewe!" Shangazi akamkatiza. Alikuwa amemkazia macho mama yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama... ulikuwa unajua?"

"Nilijua nini? Nilijua kwamba kila mwaka shati linarefuka na mimi napungua. Nilimpa wangu. Nilimpa nikiwa na akili zangu timamu. Mama hapimi." Akamgeukia Mama Punje. "Fumua, mwanangu. Haraka. Yuko njiani."

Mama Punje akauma uzi. Ulikuwa mkavu alipoushona. Sasa ulikuwa na ladha ya tope.

Taa ikafifia.

Cherehani, ambayo hakuna mguu uliokuwa juu yake, ikaanza. *Tak... tak-tak... tak-tak-tak...*

Na shati likavutwa kutoka mikononi mwake. Halikuvutwa kwa nguvu. Lilichukuliwa kama unavyomchukulia mtu mzigo asichoke. Lilipanda juu, mkono baada ya mkono, likapita usawa wa macho yake, likapita usawa wa taa, likaingia kwenye giza la dari kuelekea mlango wa nyuma.

"Punje!"

Chini ya meza palikuwa na vifungo tu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Punje alikuwa amesimama kizingitini, peku, amewapa mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama nyuma kabisa, kama mtoto anayetazama ndege angani. Alikuwa anazungumza.

"Ndiyo... la kwanza... ndiyo, mwalimu wangu ni mzuri... hapana, siogopi..."

Juu ya kichwa chake palikuwa na kiganja. Kilimfunika kichwa chote, mpaka kwenye nyusi. Kilikuwa kinampapasa, taratibu, taratibu, kuelekea chini.

Kuelekea chini.

Mama Punje hakumbuki alivyokiruka chumba. Alimkumbatia mtoto kiunoni, akaanguka naye ndani. Kiganja kikabaki hewani, wazi, kama cha mtu anayeaga. Mkono wa shati sasa ulimfika yule kijana mpaka kwenye vidole. Pindo la kijivu lilimkaa sawasawa.

Kisha hatua moja... kimya kirefu... hatua nyingine.

Harufu ikaondoka ya mwisho.

"Amekufanya nini? Amekwambia nini?" Mama Punje alikuwa anamgusa kichwa, shingo, mbavu. "Sema na mimi, baba. Amekwambia nini?"

Punje alishangaa kuona watu wazima wanalia. "Amesema ahsante," alijibu. "Halafu amesema nisikue. Amesema wanaokua ndio wanaochukuliwa."

Asubuhi shati lilikuwa limerudi kwenye msumari, limelowa hadi kwenye viwiko. Mama Punje alilitungua kabla ya kunawa uso, akaketi nalo kizingitini na sindano ya kufumulia. Alitafuta mshono aliouweka kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuona. Maua mekundu, mistari, doti, zote zilikuwa na mishono yake. Kijivu hakikuwa na mshono. Nyuzi zake zilikuwa zimeingia ndani ya nyuzi za shati, kitambaa kimoja. Fundi alileta mkasi mkubwa, ule wa kukatia makoti. Ukateleza. Alileta wembe. Ukateleza, ukamkata yeye.

Bibi aliomba apewe shuka ajisitiri, akavua gauni lake la mwisho, akalikata lote, akashona usiku na mchana kwa mikono ile inayotetemeka. "Chukua changu," alikuwa anasema. "Chukua changu, mwanangu, mrudishie mwenzio." Alishona mpaka vidole vikatoka damu. Asubuhi walikuta vipande vyake vyote vimefumuliwa, vimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mto wake wa kulalia, karibu na kichwa.

"Ameshiba," Bibi akasema.

Alifariki kabla ya mvua. Shangazi ndiye aliyetaka shati lizikwe naye, na hakuna aliyebisha. Fundi alimbeba Bibi peke yake, mikononi, na watu waliokuja kuzika walidhani familia ile imefiwa na mtoto. Shati ndilo lililokuwa zito.

Mama Punje alimpeleka mwanawe hospitali, akampeleka tena, akaandikiwa vidonge, akaandikiwa maziwa. Daktari mmoja kijana alitumia mapumziko yake ya mchana kumpima upya kutoka kichwani hadi kisiginoni. Hakuona ugonjwa. Alimshika Mama Punje bega akamwambia asikate tamaa, na Mama Punje alimshukuru, maana alikuwa mtu mwema na hakuwa na kingine cha kumpa. Fundi alikuwa akimpima mtoto kila mwisho wa mwezi. Namba haikusogea, na baadaye akaacha. Utepe ukawa unatoka ukutani kwa wateja tu.

Siku ya mwaka ikifika hakuna anayesimulia. Lakini mwanga ukianza kufifia Mama Punje husikia nyayo nyuma ya nyumba, zile zenye kimya kirefu katikati, na hutoka akasimama kizingitini. Mara ya kwanza alitoka kumlaani. Mara ya pili alitoka kumsihi, akapiga magoti kwenye matope. Siku hizi husimama tu. Angejua kama yule ni mwizi angemchukia. Angejua kama alimhurumia mtoto, akamkinga na bunduki iliyosimamishwa ukutani, angejaribu kumsamehe. Hajui. Hujibiwa kwa neno moja, kutoka juu sana, kwa sauti ya kijana inayovunjika katikati: "Ahsante, mama."

Sauti ile hutoka juu zaidi kila mwaka. Tangu alipozikwa Bibi hakuna mtu wa nyumba ile anayekata kitambaa kumwongezea, na Mama Punje hataki kufikiria ni mama gani mwingine anayekata.

Miaka miwili baada ya jioni ile alijaliwa mtoto wa kike. Huyo ndiye sasa anayemshika Punje mkono wakivuka barabara, na madereva humpungia, wakimsifu kwa kumtunza vizuri mdogo wake.